Pikapu ya kuvuta tela na ya kazi za kila siku: Mnunuzi aanze na hesabu ya uzito

Wafanyabiashara wengi wa mipakani wanaponunua pikapu hutaka gari moja lifanye kazi mbili. Siku za kawaida liwafikishe sokoni, benki, shambani na kwenye ofisi za forodha. Siku ya mzigo lifungwe tela, lipakiwe na kuvuka Namanga, Holili, Rusumo, Mutukula au Tunduma. Hitaji hilo lina msingi, kwa kuwa si kila mtu ana mzigo wa kujaza lori la tani 30, na si kila mtu ana mtaji wa kulinunua.

Tatizo huanza pale mnunuzi anapochagua gari kwa kuangalia ukubwa wa injini, sifa ya jina na neno moja la muuzaji, kwamba pikapu hiyo "inavuta tani tatu na nusu". Neno hilo linaweza kuwa la kweli kabisa, lakini bado likamtia mtu hasara. Wengi huja kugundua baadaye kwamba chasisi imepinda, giaboksi imeungua au breki zimeshindwa mteremkoni, wakati wanaamini hawakuwahi kuvuka kiwango.

Makala haya yanaeleza namna ya kusoma viwango vya uzito vya pikapu, jinsi ya kulinganisha magari yanayopatikana katika soko la Afrika Mashariki, na wakati gani ni busara kuachana kabisa na wazo la tela na kununua lori dogo.

Viwango vitatu, si kimoja

Kila pikapu ina viwango vitatu vya uzito vinavyowekwa na mtengenezaji, na vyote vitatu hufanya kazi kwa wakati mmoja.

Cha kwanza ni uzito wa juu wa gari lenyewe likiwa limepakiwa, yaani gari, dereva, abiria, mafuta na mzigo ulio kwenye bodi. Katika vitabu vya gari na kwenye kibati kilichobandikwa mlangoni au ndani ya boneti, kiwango hiki huandikwa kwa herufi GVM au GVW.

Cha pili ni uzito wa juu wa tela linaloweza kuvutwa. Hapa kuna namba mbili. Kwa tela lisilo na breki zake lenyewe, kiwango cha kawaida kwa pikapu za tani moja ni kilo 750. Kwa tela lenye breki, pikapu nyingi za miaka ya karibuni, zikiwamo Toyota Hilux ya 2.8, Isuzu D-Max ya 3.0 na Ford Ranger, zimefikia kilo 3,500 katika matoleo yake ya 4x4. Hizo ndizo tani tatu na nusu za kwenye matangazo.

Cha tatu, ambacho wauzaji wachache hukitaja, ni uzito wa juu wa gari na tela kwa pamoja. Huandikwa kwa herufi GCM au GCW. Hiki ndicho kinachoamua mengi, kwa sababu katika pikapu nyingi za tani moja kiwango hiki ni kidogo kuliko jumla ya vile viwili vya kwanza.

Ford Ranger ya injini ya 3.2 iliyotengenezwa tangu mwaka 2011 ni mfano mzuri. Kwa toleo la 4x4 la dabo kebini lililouzwa Australia, uzito wa juu wa gari ulikuwa kilo 3,200, na tela kilo 3,500. Ukijumlisha unapata kilo 6,700. Lakini kiwango cha pamoja kilikuwa kilo 6,000 tu. Maana yake ni kwamba gari hilo halikuruhusiwa kujaa bodi na kujaa tela kwa safari moja. Anayevuta tela la kilo 3,500 anabakiwa na kilo 2,500 kwa ajili ya gari lenyewe na vyote vilivyomo, na gari tupu peke yake lina uzito wa takriban kilo 2,200.

Ranger si gari baya kwa sababu hiyo. Pikapu nyingi za daraja lake zina pengo la namna hiyo, kwa kiasi kinachotofautiana. Kinachotakiwa ni mnunuzi kulijua pengo hilo kabla ya kulipa, si baada ya kupakia.

Magunia 25 ya vitunguu

Hesabu huonekana vizuri zaidi kwa mfano. Tuseme mfanyabiashara wa Arusha anapeleka vitunguu Nairobi kupitia Namanga kwa pikapu yenye viwango kama vya Ranger hiyo. Tela lake la ekseli mbili lina uzito wa kilo 800 likiwa tupu. Anapakia magunia 25 ya kilo 100, yaani kilo 2,500. Tela sasa lina kilo 3,300, na bado liko ndani ya kilo 3,500.

Kwenye gari kuna dereva na utingo, kilo 150 kwa pamoja, na vifaa kama jeki, tairi la akiba la tela na turubai, kilo 80. Pikapu inakuwa na kilo 2,430. Ukijumlisha na tela unapata kilo 5,730. Kiwango cha pamoja ni kilo 6,000, hivyo safari hiyo ni halali kwa gari, na imebaki nafasi ya kilo 270.

Mfanyabiashara anaiona bodi iko tupu. Anaongeza magunia matano. Kilo 500 kwenye bodi ya pikapu ya tani moja hazionekani kuwa kitu. Lakini jumla imepanda hadi kilo 6,230, na kiwango cha pamoja kimevukwa kwa kilo 230.

Si hilo tu. Tela lililopakiwa vizuri hulalia nyuma ya pikapu kwa karibu asilimia 10 ya uzito wake, na uzito huo huhesabiwa kwenye gari. Kwa tela la kilo 3,300 hizo ni kilo 330. Kwa hiyo pikapu imebeba 2,430, ikaongezwa 330 za tela na 500 za magunia, jumla kilo 3,260. Kiwango cha gari nacho kimevukwa kwa kilo 60, ingawa kwa macho bodi ina magunia matano tu.

Sasa ichukuliwe kwamba magunia yale ni ya lumbesa, na kila moja lina kilo 120 badala ya 100. Magunia 25 yanakuwa kilo 3,000, na tela linafika kilo 3,800. Hata bila gunia moja kwenye bodi, kiwango cha tela kimeshavukwa kwa kilo 300. Lumbesa imekuwa ikipigwa vita na Wakala wa Vipimo nchini Tanzania kwa sababu inampunja mkulima. Mwenye pikapu ana sababu yake ya pili ya kuikataa, kwani humfanya asijue amebeba nini.

Mizani hulinda barabara, si gari

Wapo wanaosema kwamba kama gari limepita mizani bila faini, basi halikuzidisha. Hoja hiyo ni ya hatari.

Nchi za Jumuiya ya Afrika Mashariki zina Sheria ya Udhibiti wa Uzito wa Magari ya mwaka 2016, ambayo Tanzania ilianza kuitekeleza mwaka 2019. Sheria hiyo inayahusu magari yenye uzito wa kuanzia kilo 3,500. Mwenye pikapu inayovuta tela kubwa asijione yuko nje ya sheria hiyo kwa sababu tu anaendesha "gari dogo". Mzigo wa kilo 5,730 ni zaidi ya kiwango hicho, na kukwepa mizani ya Vigwaza, Wenda, Mpemba, Athi River au Gilgil kunaweza kumgharimu kuliko mzigo wenyewe.

Hata hivyo, viwango vya ekseli katika sheria hiyo viliwekwa ili kulinda lami. Ekseli moja yenye matairi mawili inaruhusiwa hadi tani 8. Ekseli ya nyuma ya pikapu ya tani moja kwa kawaida haikutengenezwa kubeba hata tani 2. Kwa hiyo pikapu inaweza kuvunjika kabla haijakaribia kiwango cha barabara. Njia ya uhakika ni kupima gari na tela kwenye mizani ya ghala au ya kiwanda siku ya kwanza ya kupakia, likiwa tupu na kisha likiwa limejaa, na kuandika namba hizo mahali dereva atakapoziona.

Injini hupandisha, breki huteremsha

Katika mazungumzo ya gereji, sifa za pikapu hupimwa kwa namna inavyopanda mlima. Kwa anayevuta tela, swali kubwa zaidi ni namna inavyoshuka. Barabara za ukanda huu zina miteremko inayojulikana, kama Kitonga mkoani Iringa kwenye njia ya Tunduma, Sekenke mkoani Singida kwenye njia ya kwenda Rusumo, na Salgaa nchini Kenya kwenye njia ya Malaba. Salgaa ilipata sifa mbaya kwa ajali za malori, na tabia ya madereva kushuka bila gia ili kuokoa mafuta ilitajwa mara kwa mara kuwa miongoni mwa sababu.

Breki za pikapu zilitengenezwa kusimamisha pikapu na mzigo wake wa bodi. Zikilazimika kusimamisha na tani tatu za nyuma, hupata moto, pedi hupoteza ukali na mafuta ya breki huanza kuchemka. Kanyagio huenda chini na gari halisimami. Ndiyo maana tela linalozidi kilo 750 linatakiwa liwe na breki zake.

Breki za tela ni za aina kuu mbili. Zipo zinazojifunga zenyewe pale tela linapoisukuma pikapu kwa nyuma, ambazo ni rahisi na hazihitaji waya kwenye kebini. Zipo pia za umeme, ambazo dereva huziongoza kwa kifaa kidogo kilichofungwa karibu na usukani. Hizi ni bora kwa tela zito na kwa milima mirefu, kwa kuwa dereva anaweza kulifunga tela peke yake likianza kuyumba.

Matela mengi yanayochomelewa mitaani hayana breki ya aina yoyote. Fundi aliyetengeneza tela anaweza kuwa hodari wa kuchomelea, na tela likawa imara kwelikweli, lakini bila breki bado ni tela la kilo 750. Hali kadhalika chuma cha kuvutia. Kinatakiwa kifungwe kwa bolti kwenye chasisi na kiwe na kibati kinachoonyesha uzito kinaoubeba. Kilichochomelewa kwenye bampa hakifai kuvuta kitu chochote barabarani. Minyororo miwili ya usalama, inayopishana chini ya mkono wa tela, nayo ni ya lazima.

Upakiaji una sehemu yake. Mzigo mzito ukae katikati ya tela, juu ya ekseli, ukiegemea kidogo mbele. Tela lililoelemewa nyuma huinua nyuma ya pikapu na kuanza kuyumba kadiri mwendo unavyoongezeka, na dereva akikanyaga breki ghafla hali huwa mbaya zaidi. Mteremkoni, gia ndogo iingizwe kabla ya kuanza kushuka, si baada ya gari kushika kasi.

Magari yaliyopo sokoni

Kwa mnunuzi wa Afrika Mashariki, machaguo yanaweza kugawanywa katika makundi manne.

Kundi la kwanza ni pikapu za tani moja, kama Hilux, D-Max, Ranger, Mitsubishi L200 na Nissan Navara. Hizi ndizo zinazofaa zaidi kwa kazi za kila siku. Zina nafasi ya familia katika dabo kebini, hula mafuta kwa kiasi, huegeshwa mjini bila shida, na zina soko zuri zikiuzwa tena. Hilux na D-Max zina faida ya spea kupatikana hadi miji midogo. D-Max huunganishwa Nairobi na kampuni ya Isuzu East Africa, iliyokuwa ikiitwa General Motors East Africa hadi mwaka 2017. Udhaifu wa kundi hili ni ule uliokwisha elezwa, yaani kuvuta tela zito na kujaza bodi haviendi pamoja. Mnunuzi asichanganye pia matoleo ya jina moja. Hilux za kabla ya mwaka 2015 zilikuwa na viwango vya chini vya kuvuta kuliko zilizofuata, na matoleo ya injini ndogo au yasiyo ya 4x4 huwa na viwango vyake.

Kundi la pili ni Toyota Land Cruiser ya 79, ambayo wengi huitambua kwa kazi za migodini, porini na kwenye mashirika ya misaada. Hii ni pikapu nzito kwa maana halisi. Toleo la V8 ya dizeli lililouzwa Australia kabla ya maboresho ya mwaka 2022 lilikuwa na uzito wa juu wa gari wa kilo 3,300, tela kilo 3,500, na kiwango cha pamoja kilo 6,800. Hapa jumla inalingana, kwa hiyo gari linaweza kujaa na tela likajaa kwa wakati mmoja. Kwa soko la Afrika, toleo lililozoeleka ni la injini ya 1HZ, lita 4.2, isiyo na turbo. Nguvu yake ya mzunguko ni takriban Nm 285, wakati Ranger ya 3.2 ina Nm 470. Land Cruiser hiyo itapanda Kitonga polepole zaidi, lakini pampu yake ya mafuta isiyotegemea kompyuta huvumilia mazingira magumu, na fundi wa wilayani anaifahamu. Gharama yake ni bei kubwa ya kununua, ulaji wa mafuta, na usafiri usio na starehe kwa mtu anayeitumia mjini kila siku.

Tofauti hiyo kati ya Nm 285 na Nm 470 inaonyesha jambo muhimu. Nguvu ya injini hueleza gari litapanda kwa haraka kiasi gani. Uzito linaloweza kuubeba bila kuumia huamuliwa na chasisi, springi, ekseli, breki na mfumo wa kupoza injini.

Kundi la tatu ni pikapu kubwa za Kimarekani kama Ford F-250 na Ram 2500. Kwa kuvuta hazina mpinzani, kwani nyingi huvuta zaidi ya tani 6. Lakini zimetengenezwa kwa usukani wa kushoto, zina upana wa zaidi ya mita 2 bila vioo vya pembeni, na urefu wa zaidi ya mita 6 kwa dabo kebini. Kenya hairuhusu kwa kawaida uingizaji wa magari ya usukani wa kushoto. Katika Rwanda, Burundi na Kongo, ambako magari hupita upande wa kulia, usukani huo si kikwazo, lakini spea huagizwa mbali, na injini za dizeli za miaka ya karibuni huhitaji kimiminika cha urea cha kusafisha moshi, ambacho hakipatikani kila kituo. Ni gari la mwenye mkataba maalumu, si la mfanyabiashara wa kawaida.

Kundi la nne si pikapu kabisa. Ni lori dogo kama Mitsubishi Canter au Isuzu ya mfululizo wa N. Kabla ya kulipia pikapu ya kuvuta tela, kila mfanyabiashara afanye hesabu ya kundi hili.

Siku ngapi za tela kwa mwezi?

Uamuzi kati ya pikapu na lori dogo unategemea idadi ya safari za mzigo. Hesabu ifuatayo ni ya mfano, na kila mtu aweke namba zake.

Kutoka Arusha hadi Nairobi ni kilomita 275 hivi. Tuseme pikapu yenye tela lililojaa inakwenda kilomita 6 kwa lita, na ikirudi na tela tupu kilomita 9. Safari nzima inakula lita 76 hivi kwa magunia 25, sawa na lita 3 kwa gunia. Tuseme lori dogo la tani 4 linakwenda kilomita 6 kwa lita likiwa limejaa na kilomita 8 likiwa tupu. Linakula lita 80 kwa magunia 40, yaani lita 2 kwa gunia.

Sasa ziongezwe siku za kawaida. Siku 20 za kuzunguka mjini kilomita 60 kwa siku ni kilomita 1,200. Pikapu ikienda kilomita 10 kwa lita itatumia lita 120. Lori dogo kwa kilomita 8 litatumia lita 150.

Kwa anayepeleka magunia 25 kwa mwezi, pikapu hutumia jumla ya lita 196 na lori 230. Kwa magunia 50, pikapu hutumia lita 272 kwa safari mbili, na lori 310 kwa safari mbili pia. Hadi hapo pikapu inashinda. Lakini kwa magunia 75, pikapu inahitaji safari tatu na lita 348, wakati lori linamaliza kwa safari mbili na lita 310. Kwa magunia 100, ni lita 424 dhidi ya 390. Na hapo hazijahesabiwa posho za dereva, malipo ya mpakani na siku ambazo gari halipo nyumbani, vyote vikiongezeka kwa kila safari ya ziada.

Kwa namba hizo, mwenye safari moja au mbili za tela kwa mwezi ananufaika na pikapu. Anayefikia safari tatu na kuendelea anahitaji lori dogo, hata kama moyo wake uko kwenye pikapu. Ipo pia njia ya tatu ambayo wengi huidharau, nayo ni kununua pikapu ndogo ya kazi za kila siku na kukodi lori kwa siku chache za mzigo mzito. Fedha ambayo ingekwenda kwenye pikapu kubwa, tela, breki za tela na chuma cha kuvutia inabaki kwenye mtaji wa bidhaa.

Kununua lililotumika

Pikapu nyingi zinazonunuliwa ni zilizotumika, na sheria za umri hutofautiana. Kenya hairuhusu kuingiza gari lililozidi miaka 8 tangu liliposajiliwa mara ya kwanza. Uganda iliweka ukomo wa miaka 15 kwa sheria ya mwaka 2018. Tanzania haizuii kwa umri, lakini hutoza kodi ya ziada ya uchakavu kwa magari yaliyozidi umri uliowekwa. Ni busara kupata makadirio ya ushuru kutoka kwa wakala wa forodha kabla ya kutuma fedha Japani, Dubai au Afrika Kusini.

Kwa gari litakalovuta, ukaguzi uanzie chini. Chasisi iangaliwe nyuma ya kebini kama ina mkunjo, ufa au alama za kuchomelewa, kwani hapo ndipo dabo kebini nyingi zilizozidishiwa mzigo hupinda. Springi za nyuma zisiwe zimelala. Kuongeza majani ya springi huinua nyuma ya gari, lakini hakubadilishi kiwango cha uzito hata kwa kilo moja. Kwa giaboksi ya otomatiki, mafuta yake yakiwa meusi na yenye harufu ya kuungua ni dalili ya gari lililovutishwa sana. Kwa giaboksi ya kawaida, klachi inayoteleza mlimani ni dalili hiyohiyo. Matairi yawe ya aina ya magari ya mizigo, yenye namba ya uzito inayotosha.

Aidha, injini za dizeli za kisasa zina nozeli zinazoharibiwa haraka na mafuta machafu au yenye maji. Nchi za Afrika Mashariki zilihamia kwenye dizeli yenye kiwango kidogo cha salfa mwaka 2015, lakini dizeli ya madumu ya njiani haina anayeidhamini. Fedha kidogo inayookolewa hapo inaweza kuja kulipwa kwa nozeli nne mpya.

Karatasi za mpakani

Tela nalo ni chombo chenye usajili wake. Nchini Kenya matela hupewa namba zinazoanza na herufi Z, na Tanzania pia hayo husajiliwa. Tela lisilo na namba, taa za nyuma na viakisi mwanga litakwama kabla ya mpaka. Dereva ahakikishe daraja la leseni yake linaruhusu kuvuta tela.

Kadi ya Njano ya COMESA, ambayo Tanzania pia hushiriki ingawa si mwanachama wa COMESA, hufidia madhara kwa watu wengine katika nchi jirani. Haifidii gari la mwenye kadi wala mzigo wake, kwa hiyo bima ya hivyo viwili inunuliwe kando, na tela litajwe kwa jina katika mkataba. Mikataba mingi ya bima ina sharti kuhusu kuzidisha uzito. Aliyevuka kiwango cha mtengenezaji kwa kilo 300 anaweza kujikuta hana bima siku anayoihitaji.

Anayebeba mizigo ya wengine kwa malipo nchini Tanzania anahitaji leseni ya usafirishaji kutoka LATRA. Anayebeba bidhaa zake mwenyewe zenye thamani isiyozidi dola 2,000 za Marekani, na zilizozalishwa ndani ya Jumuiya, aulize mpakani kuhusu utaratibu uliorahisishwa wa biashara ndogo, ambao hupunguza makaratasi.

Maswali ya kumuuliza muuzaji

Kwa muhtasari, mnunuzi aende kwa muuzaji na namba zake tatu mkononi: uzito wa mzigo wake mkubwa zaidi, uzito wa tela tupu, na idadi ya safari kwa mwezi. Kisha aombe kuonyeshwa kibati au kitabu cha gari hilohilo, si la toleo jingine, na asome kiwango cha gari, cha tela na cha vyote kwa pamoja. Ajumlishe hapohapo.

Jumla ikizidi kiwango cha pamoja, gari hilo halifai kwa kazi hiyo, hata kama injini yake ni kubwa na bei yake ni nzuri. Ikibaki nafasi ya kilo 200 au 300, mzigo upangwe kwa nidhamu na lumbesa ikataliwe. Na kama safari za tela ni nyingi kuliko mbili kwa mwezi, aulizie pia bei ya lori dogo kabla hajaondoka.